Mwaka Bila Ngozi

Kwa habari ya viatu vya safari, kila mtu wa kijiji cha Okhre ni bingwa. Muulize habari za serikali, atakwambia hajui na hataki kujua. Lakini muulize mtu avae nini miguuni kupanda vijiji vya juu mwezi wa Saun, mvua ikimwagika kutwa kucha na njia imegeuka mfereji, hapo atakukalisha chini mpaka chai yako ipoe.

Hivyo ndivyo alivyokalishwa Tikaram Basnet kwenye kibanda cha chai cha Phulmaya, siku mbili kabla hajaondoka. Tikaram alikuwa mtoa chanjo wa zahanati. Kila msimu wa mvua alibeba sanduku lake la barafu mgongoni akazunguka vijiji vya juu nyumba kwa nyumba, wiki baada ya wiki, kwa sababu watoto hawaachi kuzaliwa eti mvua inanyesha.

"Gambuti," alisema mwenye mashine ya kukoboa mpunga. "Hakuna mjadala. Gambuti mpaka gotini."

"Gambuti!" Phulmaya alicheka mpaka akamwaga maziwa. "Maji yakishaingia kwa juu si unatembea na mabirika mawili? Avae ndala. Kwenye ndala ruba unamwona anavyopanda, unamng'oa, unaendelea na mambo yako. Ndani ya kiatu unakuja kumkuta jioni amenenepa kuliko wewe."

"Ndala kwenye mawe yenye kuvu? Unataka tumletee mkewe maiti?"

"Wewe na gambuti zako ndiye unayetaka. Mwaka juzi si ulitolewa mtoni na gambuti moja?"

"Raba," alisema mwalimu mkuu mstaafu, kwa sauti ya mtu anayefunga kikao. "Raba inalowa asubuhi, jioni unaiegesha kando ya jiko, alfajiri imekauka. Nusu."

"Na buti za ngozi?" aliuliza mgeni mmoja aliyekuwa amepita na nyumbu wake.

Hapo kila mtu akapata kitu cha kutazama ndani ya kikombe chake. Yule mgeni akamwangalia Tikaram vizuri, akaona kofia nyeupe, shati jeupe, suruali nyeupe, raba nyeupe, na chai ya rangi mbele yake wakati wengine wote wanakunywa ya maziwa. Akafumba mdomo kwa haya.

Mama yake Tikaram, Harimaya, alikuwa amefariki mwezi wa Chait, mahindi ndiyo kwanza yanachipua. Kwa desturi ya huko, mtoto wa kiume akifiwa na mama huvaa nyeupe mwaka mzima. Hanywi maziwa, haendi karamuni, na ngozi haimgusi mwilini. Tikaram alikuwa mwana pekee, basi mwaka wote ulikuwa wake peke yake. Na kama angesahau, alikuwa na Baba Mkubwa Dhanapati wa kumkumbusha. Mzee huyo alikuwa na macho ya kunguru kwa ngozi. Siku ya kwanza alimvua mkanda wa suruali mbele za watu, na tangu hapo suruali ya Tikaram ikawa inashikiliwa na kamba ya pamba na huruma ya Mungu. Wiki iliyofuata akaigundua saa ya mkononi. "Hicho kikanda ni nini? Majani?" Saa nayo ikaenda kabatini.

Tikaram hakulalamika. Alimpenda mama yake, na kunyimwa vitu kwa ajili yake kulimpa kitu cha kufanya na huzuni. Alimaliza chai yake chungu, akawashukuru washauri wake wote, akashuka kwenda nyumbani akiwa ameshaamua kwamba atavaa raba zilezile nyeupe, nusu kavu, na mengine atayajua huko mbele.

Alipofika uani alimkuta Sante Mijar, fundi viatu, amesimama chini ya ngazi ya kibaraza na furushi la nailoni kifuani.

"Panda juu, mzee, unalowa," Tikaram alimwambia.

"Hapa hapa panatosha, mwanangu." Sante alikuwa mtu wa zamani. Sheria ilikuwa imebadilika, watu wa tabaka lake la mafundi ngozi, waliokatazwa zamani, walikuwa wakiingia nyumba yoyote, lakini miguu yake mwenyewe ilikuwa haijapata habari. "Mama yako alikuwa na kazi kwangu. Nimechelewa, unisamehe. Ngozi haiharakishwi, na mvua hii nayo ndiyo imenimaliza kabisa."

Juu kibarazani alikuwa amekaa Mzee Gopilal, baba yake Tikaram, mahali pale pale alipokaa tangu msiba. Alikuwa akitazama njia. Hakuna aliyekuwa akija kwenye njia hiyo, na Sante mwenyewe alikuwa amepita mbele ya macho yake bila mzee kugeuza shingo. Sabitra, mkewe Tikaram, alikuwa kando yake akipukuchua mahindi kwa mikono miwili na kumsemesha kwa mdomo mmoja, maana alikuwa amejiapiza kwamba baba mkwe hatakaa kimya peke yake hata kama yeye itabidi aseme na kujijibu.

Sante akafungua furushi. Zilikuwa buti za rangi ya kahawa iliyochomwa, ndefu kupita kifundo, soli mbili zilizoshonwa pamoja na kupigiliwa misumari ya kichwa kipana. Zilinuka mafuta ya haradali na moshi. Kwa kweli zilikuwa nzuri.

"Hiyo ni ngozi ya Bhuri," alisema Sante.

Bhuri alikuwa nyati wao wa maziwa. Tikaram alikua kwa maziwa yake, na mnyama wa watu alipokufa kwa uzee wakati wa baridi, Sante ndiye aliyekuja kumchukua, kama desturi.

"Mama yako alinifuata mwenyewe nyumbani," Sante aliendelea. "Mgonjwa vile, anakaa kwenye kila ukuta kuvuta pumzi. Akaniambia, Sante, nataka viatu vya kutembea mbali kwenye mvua. Usinishonee vya harusi. Vipimo akanipa vya nyuzi, mguu huu zake na mguu huu zake. Wa kushoto nilidhani amekosea, nikamwambia. Loo! Alinijia juu! 'Shona uzi unavyosema, kosa nitalibeba mimi.' Basi nimeshona uzi unavyosema."

Nyumba ile ilikuwa na msafiri mmoja tu, naye alikuwa amesimama pale na suruali yake ya kamba. Tikaram akanyoosha mikono, akairudisha kabla haijagusa. Sabitra akaacha mahindi, akashuka, akazipokea yeye. Akazifuta matone ya mvua kwa ncha ya nguo yake, taratibu.

Kama ni kusikia harufu au ni bahati mbaya tu sijui, lakini hazikupita dakika Baba Mkubwa Dhanapati akaingia uani na mwavuli wake.

"Ngozi!" alisema. "Kwenye ua wa matanga!"

"Zimeletwa, Baba Mkubwa," alisema Sabitra. "Hazikutembea zenyewe."

"Nani kaagiza?"

Wakamwambia. Mzee akafunga mwavuli, akashusha pumzi, na sauti yake ikalainika, maana naye alimheshimu marehemu. "Maskini shemeji yangu. Mwanamke aliyefunga kila mfungo mpaka akakonda. Ugonjwa ulimchanganya mwishoni. Alisahau." Akamgeukia Tikaram. "Wewe usisahau. Mwaka huu mama yako yuko njiani. Siku ya kumi na tatu tulimpa kuhani godoro na mwavuli na viatu, ili marehemu avipate huko anakopita, si ndivyo? Sasa wewe ukikanyaga ngozi hapa, yeye huko atakanyaga nini? Zipandishwe darini mpaka mwaka uishe."

"Darini mvua hii?" Sante alishtuka. "Zitaota uyoga! Kiatu kipya kisipovaliwa kinakuwa ubao, baba."

"Kiwe ubao."

Sante akaaga. Dhanapati akaaga. Mzee Gopilal aliendelea kutazama njia. Buti zikabaki kwenye kona ya kibaraza, zikiwa zimefunikwa kapu ili zisionekane, na Tikaram hakuweza kutazama kwingine.

Lililomchoma si kule kukatazwa. Lililomchoma lilikuwa lile neno, alisahau. Siku ile ya kumi na tatu ni yeye aliyekwenda sokoni kumnunulia mama viatu vya safari yake. Walimwambia achukue vyovyote, kuhani hachagui. Yeye alizunguka maduka yote, akabonyeza soli moja moja kwa kidole gumba, mpaka akapata raba za buluu laini, kwa sababu vidole vya mama vilikuwa vikimuuma wakati wa baridi. Na kumbe mama naye, pumzi zikimwishia, alikuwa akihangaikia miguu yake yeye. Mwaka uliopita Tikaram alikuwa amerudi kutoka milimani nyayo zimekuwa nyeupe na kupasuka, ngozi inabanduka, na mama alimkandia kwa maji ya moto yenye manjano jioni nyingi huku akimtukana. Mtu kama huyo unamwitaje msahaulifu?

"Hakusahau," alisema Sabitra walipokuwa wakila wali na dengu jioni ile. Alikuwa amemsoma mumewe usoni. "Hakupanga kufa, ndiyo hivyo tu. Alijua ukiondoka Saun atakuwa amesimama hapo mlangoni anakupigia kelele ufunge kamba."

Alisema hivyo kumfariji. Lakini Tikaram aliweka tonge chini na hakuweza kula tena. Mama aliyesahau alikuwa afadhali kuliko mama aliyetumaini.

Asubuhi iliyofuata, Sabitra akiwa amekwenda kuchota maji, Tikaram alichukua kapu na kilichokuwa chini yake akaingia bandani kwa mbuzi. Mvua ilikuwa ikipiga bati. Alikaa juu ya tita la majani, akaziweka buti mapajani, akabishana na nafsi yake kwa muda mrefu kwa hoja ambazo zote alizijua. Kwamba mama ndiye aliyetaka. Kwamba mama yuko njiani na anamtegemea. Kwamba kazi yake ni ya watoto wa watu, na mtu asiye na miguu hachanji mtoto. Kwamba Baba Mkubwa hana dhambi yoyote katika hili, anasema tu kweli anayoijua. Mwisho akajiambia atavaa humu humu bandani, bila kutoka hata hatua, ajue tu mama alitaka asikie nini miguuni. Kisha atavua, apake mafuta, apeleke darini, aende zake na raba.

"Nisamehe, Mama," alisema kwa sauti. Mbuzi wakamtazama.

Akavua raba. Akatumbukiza mguu wa kulia.

Mguu haukuingia. Vidole vilifika mwisho wakati kisigino bado kiko nje. Akalegeza kamba mpaka mwisho, akasukuma, akasimama akakanyaga, akakaa tena. Buti lilikuwa fupi. Akajaribu la kushoto, nalo lilikuwa fupi vilevile, tena la ajabu. Upande wa ndani, penye fundo la kidole gumba, Sante alikuwa ameacha uvimbe mkubwa, mfuko mtupu ambamo mguu wa Tikaram, mwembamba na mrefu kama wa mama yake, haukuwa na kitu cha kuweka.

Alikaa na lile buti limemning'inia nusu mguuni, akajua.

Okhre nzima ulikuwepo mguu mmoja tu wa namna ile. Miaka mingi nyuma, kabla barabara ya magari haijafika, wakati Mzee Gopilal alipokuwa akibeba mizigo ya watu kutoka bonde hadi bonde, jiwe la maporomoko lilimviringikia mguu wa kushoto. Mfupa uliungana unavyotaka wenyewe. Tangu hapo hakuna kiatu cha dukani kilichomkubali. Alivaa ndala alizozichana ubavuni kwa kisu, mvua na jua, na kwa ndala hizo alitembea kuliko mtu yeyote wa bonde hili, mpaka mkewe alipougua na yeye akakaa chini kumuuguza.

Sasa Tikaram alijiona mjinga hasa. Harimaya, aliyejua siku gani hukati kucha na siku gani hufui nguo, asahau mwaka wa ngozi? Angekuwa anamtengenezea mwanawe viatu, angemnunulia raba. Alijua anakufa. Alijua akifa, mwanawe hatagusa ngozi. Ndani ya nyumba ile mtu wa kuvaa ngozi alikuwa mmoja tu, na kila mtu alipita mbele yake akiwa ameshika buti zake mkononi.

Na hapa lazima niseme ukweli, kwa sababu Tikaram mwenyewe hajaukana. Jambo la kwanza alilosikia moyoni halikuwa furaha. Alisikia wivu. Tangu jana alikuwa na zawadi ya mwisho ya mama yake, hata kama hawezi kuivaa, na sasa hana. Alikaa bandani, mtu mzima mwenye mtoto, akalia kama aliyenyang'anywa.

Sabitra alimkuta hivyo hivyo. Alitua ndoo mlangoni.

"Umevaa!" alisema kwa mshtuko. "Mungu wangu, Baba Asmita, umevaa!"

"Haziingii."

"Nini haziingii?"

Akamwonyesha. Sabitra aliingiza mkono ndani ya buti la kushoto, akapapasa ule uvimbe kwa vidole, kisha akaketi juu ya majani kando yake kwa uzito wa mtu aliyechoka ghafla.

"Hakuniachia kitu," alisema Tikaram. Alijua neno lenyewe ni la kitoto na akalisema vilevile.

Sabitra aliweka buti chini. Halafu akamgonga bega kwa bega lake.

"Mimi nani aliyenitafuta? Wewe? Wewe ungekuwa bado unazunguka na sindano zako. Nani alikuja kwetu kwa miguu siku nzima, akanifungua mdomo akakagua meno kama ananunua mbuzi? Wewe amekuachia mimi, mpumbavu wewe. Yule pale kibarazani ndiye aliyekuwa anaachwa bila mtu."

Tikaram akacheka huku machozi yanamtoka, akamshika mkono, na wakakaa hivyo mpaka mbuzi mmoja alipoanza kutafuna kamba ya buti.

Mzee Gopilal alipoletewa hata hakutaka kuangalia. "Hivyo ni vya Tikaram," alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu juzi.

"Weka mguu, Baba."

"Vya Tikaram. Msinisumbue."

Tikaram alipiga magoti mbele yake. Mikono yake ikiwa imefungwa kitambaa cheupe ili ngozi isimguse, maana sasa alitaka kuushika ule mwaka kuliko alivyowahi kutaka, aliinua mguu wa kushoto wa baba yake, mpana, mgumu, na ule mfupa umejitokeza ubavuni. Akauelekeza ndani ya buti. Mguu ukaingia bila kusukumwa. Ule mfupa ukakaa mahali pake, na kiatu kikafunga pande zote kikanyamaza.

Mzee aliutazama mguu wake kwa muda. Ulikuwa haujawahi kufunikwa tangu jiwe lile.

"Alinipima lini?" aliuliza.

Hakuna aliyejua. Mzee akafikiri, na uso wake ukaanza kubadilika polepole. "Kila asubuhi alikuwa akiinama kunigusa miguu," alisema. "Miaka yote. Hata alipokuwa hawezi kusimama alikuwa akijiburuta mpaka hapa nilipokaa. Nikimkataza ananiambia nisimwingilie. Basi kuna siku aliinama akakawia. Akakawia sana. Nikasikia kitu kinanitekenya kama uzi. Nikadhani mikono inamtetemeka kwa homa. Nikasema, basi mama, inatosha, inuka." Akaupapasa ule uvimbe wa buti. "Nilimwambia inatosha."

Na Mzee Gopilal, aliyekuwa hajatoa chozi penye moto wa kumchoma mkewe wala siku ya kumi na tatu, akajishika uso kwa viganja vyote viwili akalia kwa sauti, buti moja limevaliwa na jingine bado liko mikononi mwa mwanawe. Sabitra akalia. Tikaram akalia. Mtoto Asmita akatoka ndani akawaona wote, akalia kwa kuwasaidia.

Baba Mkubwa Dhanapati alikuja mchana na mdomo wazi tayari kwa hotuba. Aliona buti miguuni mwa ndugu yake, akasimama.

"Mdogo wangu, na wewe tena?"

"Mwaka ni wa mwana, Baba Mkubwa," alisema Sabitra kwa upole wa kutisha. "Mume ni siku kumi na tatu. Si wewe mwenyewe ulikaa hapa ukasema zikipita hizo anaruhusiwa hata kuoa? Kama ameruhusiwa mke mzima, mnyimeni basi viatu."

Dhanapati aliuweka mwavuli chini. Kisha akachutama kwa shida, magoti yakilia, akautazama ule uvimbe wa buti la kushoto kwa karibu. "Hakusahau," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Hakusahau," alisema Tikaram.

Kesho yake mvua ilipungua ikawa manyunyu, na Tikaram akaondoka. Alivaa raba zake nyeupe, soksi akazipaka chumvi na tumbaku kufukuza ruba, sanduku mgongoni, mwavuli juu. Mzee Gopilal akasema atamsindikiza mpaka penye ukuta wa kupumzikia, mwisho wa kijiji, pale watu wanapoagana. Sabitra akawatazama kutoka mlangoni na akampigia mumewe kelele afunge kamba vizuri.

Mzee alitembea vibaya mwanzoni. Alikuwa amekaa miezi mingi, na buti zilikuwa mpya, zikilia kila hatua. Majirani walichungulia. Phulmaya alitoka kibandani kwake na birika mkononi, akataka kusema jambo kuhusu ndala, akaona uso wa mzee, akaacha.

Walipofika penye ukuta, Tikaram alitua sanduku akainama kumgusa baba miguu, karibu tu na kiatu bila kukigusa. "Haya, Baba. Rudi kabla mvua haijachanganya tena. Nikirudi nitakukuta."

Mzee hakurudi. Alikuwa amegeuka kutazama nyumba yao, bati lake na kibaraza chake kidogo kule chini.

"Nikirudi pale nitakaa," alisema. "Najijua. Nitakaa pale pale nitazame hii njia mpaka nimfuate."

"Baba..."

"Na yeye alijua. Ndiyo maana hakumwambia Sante amshonee mzee wake viatu vya kukaa." Akajipangusa pua kwa mkono wa shati. "Lete hilo sanduku."

"Zito, Baba. Lina barafu."

"Nusu ya mabati ya Okhre yamekuja kwenye kichwa hiki, na wewe unaniambia barafu." Alikuwa ameshachutama, ameshautia mkanda wa sanduku kwenye paji la uso, na ameshasimama, kwa mwendo mmoja, kama mtu ambaye mwili wake haukuwahi kuacha kazi hiyo. "Utamwambia nini Sabitra?"

"Atakuwa ameshajua," alisema Tikaram, na chini kule, kweli, kulikuwa na mtu mwenye nguo nyekundu amesimama katikati ya ua akipunga mkono juu kabisa.

Njia iliteremka kuelekea daraja la kamba, kisha ikaanza kupanda ng'ambo, ndani ya ukungu. Mzee alitangulia. Hatua kumi, ishirini, na mwendo wake ukapata mahali pake, ule mwendo mfupi wa wabeba mizigo usio na haraka na usiosimama. Tikaram alikuwa karibu nyuma yake, tayari kumdaka akiteleza. Hakuteleza.

"Cha kulia kinabana kisigino kidogo," alisema mzee.

Tikaram alitaka kumjibu kwamba watakipaka mafuta jioni. Lakini mzee alikuwa hajageuka, na hakuwa akisema naye.

"Kidogo tu," mzee akaendelea, akitazama mbele, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayezungumza na mkewe njiani. "Kitalegea. Wewe je, hivyo vidole?"

Tikaram akapunguza mwendo, akaacha nafasi kati yao, awaache wazungumze.